Mchoro wa penseli wa karne ya 19 wenye mistari 11 tu: nausoma vipi?

BintiShela

Assalam alaykum wenye jukwaa, na hamjambo nyote.

Mimi ni mtu wa Lamu, Shela, ila huu mwaka wa 6 naishi Lancaster, kaskazini-magharibi ya Uingereza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Jumamosi moja mwezi uliopita niliingia duka la vitu vya mkono wa pili kutafuta sufuria. Chini ya rundo la fremu nikakuta bahasha ya kaki, ndani yake karatasi moja. Nikalipa pauni 3 nikaenda zangu, sufuria nimeisahau.

Picha ya simu haioneshi vizuri, kwa hiyo wacha nieleze. Karatasi ina upana wa sentimita 19 na urefu wa 11 na kitu. Imepiga rangi ya maziwa yaliyochemka. Mchoro ni wa penseli tupu. Kuna mstari mrefu uliolala, umeanzia ukingo wa kushoto na unakaribia kufika kulia, lakini mbele kidogo ya katikati umekatika, nafasi ya upana wa kidole gumba, kisha ukaendelea. Kushoto, juu ya mstari huo, imetoka rasi fupi kama pua ya mtu aliyelala chali. Nyuma ya rasi, kuja katikati, kuna vilima vya mistari mitatu, na wa juu kabisa ni hafifu hata macho yakichoka unapotea. Kulia kuna kilima kimoja cha mviringo kimekaa peke yake. Chini kuna mistari miwili mitatu inayojipinda, na hapo ndipo alipoishia. Theluthi mbili za karatasi hazina kitu. Nimehesabu mistari yote, ukiacha vivuli vidogo vya vilimani: 11.

Kuna maneno pia, kwa mwandiko mdogo wa kulala. Kwenye vilima ameandika "grey", yaani kijivu. Pale mstari ulipokatika, "light", mwanga. Kwenye uwanda mtupu kuna neno limefifia, mimi nalisoma "west", magharibi. Pembeni chini, "H. B. 4 oclock". Hakuna jina wala mwaka.

Mwenzangu kazini aliutazama akaniambia umepunjwa, hapa hapana picha. Mimi nauweka mezani kila nikirudi zamu ya usiku, nautazama mpaka chai inapoa. Ule utupu unanikamata kifuani na sijui kwa nini. Je, mchoraji alikusudia utupu huo useme jambo? Upweke, labda? Au alichoka? Na mstari uliokatika una maana gani? Nataka kuusoma kwa haki, nisiutie maneno mdomoni.

Msafiri_Kyela

Dada, hiyo ni rasimu. Mtu alianza picha, mvua ikanyesha, akafunga daftari akaondoka. Usitafute maana ambapo kazi haikuisha.

FundiRamani

Wa alaykum salaam mwanangu BintiShela. Nakuandikia kutoka Tanga. Mimi si mtu wa makumbusho, nimechora ramani kwa mkono miaka 31, kalamu ya wino na kalamu ya risasi, kabla kompyuta hazijatuondoa mezani. Nimestaafu, na michoro ya namna hii ndiyo ninayoipenda kuliko hata picha za rangi zilizokamilika. Kwa hiyo nisamehe nitakuwa mrefu.

Ndugu wa Kyela hajakosea kusema ni rasimu, ila neno hilo limemfanya aufunge mlango mapema. Sisi tukienda shambani kupima tulikuwa na kitabu cha vipimo. Ukikifungua utaona mistari, namba na mishale, na mgeni angesema hakuna kitu. Aliyekiandika anaona bonde zima, kwa sababu hakuandika anachoweza kukikumbuka. Aliandika kile tu ambacho angekisahau. Shika hilo kwanza. Kila mstari katika huo mchoro wako upo kwa kuwa mtu aliogopa kuusahau.

Mfano mkubwa ni Turner, mchoraji Mwingereza aliyefariki 1851. Ameacha madaftari ya michoro karibu 300, yako kwenye jumba la sanaa la Tate mjini London, na kurasa nyingi ni za namna hii: mstari wa pwani, mnara uliochomekwa tu, neno moja la rangi. Mwaka 1819 alikuwa Italia, na mtoto wa mbunifu majengo John Soane akaandika barua kutoka Naples akieleza jinsi watu wa heshima walivyokuwa wakishangaa: haya makwaruzo ya penseli yana faida gani? Barua hiyo hiyo inasema kijana mmoja mchoraji, kule Roma, alimwomba Turner watoke pamoja wakapake rangi nje. Turner akamkatalia kwamba rangi za nje zinakula muda, kwamba kwa muda wa picha moja ya rangi yeye anamaliza michoro 15 au 16 ya penseli. Umeona hesabu yake? Kwake mchoro mtupu haukuwa umaskini wa picha, ulikuwa njia ya kubeba nchi nzima mfukoni.

Mwingine ni Edward Lear, aliyezaliwa 1812. Huyu alisafiri Ugiriki, Misri kando ya Nile, mpaka India. Alichora kwa penseli papo hapo, akaandika mahali, tarehe na hata saa, akajaza maneno katikati ya mistari: hapa mchanga, hapa miamba, hapa kijivu. Baadaye, akiwa ametulia, alipitisha wino juu ya penseli na kupaka rangi nyepesi. Maneno yale yalikuwa ahadi ya rangi. Kwa hiyo "grey" yako si shairi. Ni rangi ambayo haikupakwa.

Lakini tahadhari, mwanangu. Usikimbie kusema ni Turner au Lear. Karne ile watu wengi mno walichora hivi. Mabwana na mabibi walifundishwa kuchora kama sehemu ya malezi, na maofisa wa jeshi walifundishwa kuchora nchi kabla ya kuipigania. Chuo cha kijeshi cha Woolwich kilikuwa na mwalimu wa kuchora, Paul Sandby, tangu 1768. Mkono wako huo unaweza kuwa wa mtu ambaye jina lake halipo kitabuni popote, na bado ni mkono mzuri.

Sasa nijibu mambo manne. Vivuli vya vilimani viko upande gani? Vimepigwa kuinamia wapi? Ukingo wa karatasi una matundu? Na ukiinua karatasi dirishani, kuna maandishi ndani yake?

BintiShela

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma jibu lako mara tatu, na mara ya tatu nilisoma kwa sauti.

Vivuli viko upande wa kulia wa kila kilima, vyote, na kilima cha peke yake kina kivuli kizito zaidi. Vimepigwa kutoka juu kulia kushuka chini kushoto. Ukingo wa kushoto una matundu matatu madogo yenye nafasi sawa. Dirishani nimeona herufi ndani ya karatasi, kubwa, zimekatwa na ukingo: "J WHAT", na chini yake "183", namba ya mwisho haipo.

Halafu kuna jambo sikulisema mwanzo kwa kuwa sikuwa na uhakika. Juu, angani, kuna makwaruzo hafifu sana, kama ndege wanaoruka wakiwa wameinama. Si kama mistari mingine, yanang'aa kidogo na hayana ukali. Niliyaona kama ndege wa jioni.

FundiRamani

Marahaba mwanangu. Vivuli kulia, basi jua liko kushoto kwake. Saa nne yao ni saa kumi ya alasiri kwetu, na saa hiyo jua la kule linakuwa kusini-magharibi. Mtu mwenye kusini-magharibi mkononi kushoto anatazama kaskazini, au kaskazini-magharibi. Na vivuli vya kuinamia hivyo kwa kawaida ni vya mkono wa kulia. Tayari tunajua alivyokuwa ameketi. Matundu ni ya uzi: ni ukurasa uliotoka daftarini.

Makwaruzo ya angani namwachia anayejua karatasi.

KaratasiKuukuu

Hapo nimeitwa. Dada BintiShela, nipo Unguja, kazi yangu ni kutunza karatasi za zamani, hasa zilizoliwa na unyevu na wadudu. Kabla ya lolote: usifute chochote kwa kifutio, hata "uchafu". Usiweke mkanda wa gundi. Usiipeleke kupakwa plastiki. Ondoa ile bahasha ya kaki, ina asidi na itaendelea kuibabua karatasi.

Herufi ni za Whatman, karatasi maarufu sana ya wachoraji wa Uingereza. Watengenezaji wa kule walianza kuweka mwaka ndani ya alama kwa sababu ya sheria ya ushuru ya 1794. "183" inamaanisha karatasi ilitengenezwa kati ya 1830 na 1839. Haimaanishi mchoro ni wa miaka hiyo. Daftari linaweza kukaa dukani au sandukuni miaka 10 kabla halijafunguliwa. Alama inakupa mwaka ambao mchoro hauwezi kuutangulia, basi.

Sasa ndege wako. Mistari isiyo na ukali, inayong'aa, ikiwa ndani ya daftari lililoshonwa: nina hakika karibu yote kwamba hao si ndege, wala hawakuchorwa hapo. Kalamu ya risasi haishiki karatasi kama wino. Daftari likifungwa na kubanwa mfukoni, ukurasa unahamisha unga wake kwenye ukurasa unaoutazama. Unaona kivuli cha mchoro wa jirani, tena kimegeuzwa kama kwenye kioo, na pengine kichwa chini kama mwenye daftari aligeuza kitabu. Madaftari ya karne ile yamejaa vivuli hivi, nimeviona mara nyingi. Piga picha hizo alama peke yake, kisha kwenye simu ugeuze kulia kuwa kushoto. Tuambie umeona nini.

Na lile neno "west": zima taa ya juu, weka tochi ya simu mezani, pembeni kabisa mwa karatasi, mwanga upite ukiwa umelala. Penseli ikipotea, mfereji wa ncha yake hubaki.

BintiShela

Wallahi nimekaa nikatetemeka.

Nimegeuza picha kulia kuwa kushoto, sikuona kitu. Nikageuza na kichwa chini, na mara wale ndege wakawa milingoti. Vyombo viwili. Kimoja naona mlingoti na kamba zake, kingine mlingoti na nusu ya ubavu. Na vyote viwili vimelala upande.

Niwaambie kwa nini nilitetemeka. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Nimekulia mahali ambapo ukiamka unatazama vyombo kabla ya kutazama saa. Chombo kikisimama wima kinaelea. Chombo kikiinama ubavu hivyo, maji yamekupwa na kimekaa juu ya mchanga. Hakuna mtoto wa Shela anayehitaji kuelezwa hilo.

Halafu nikaweka tochi pembeni kama ulivyosema. Neno si "west". Ile herufi niliyoidhania s ni mkunjo wa karatasi. Ni "wet". Limelowa!

Nani anaandika "limelowa" juu ya bahari? Bahari haiandikwi hivyo. Neno hilo unaliandika juu ya mchanga ambao maji yameuacha sasa hivi na bado unang'aa. Ile sehemu niliyoiita tupu, niliyoitazama wiki nne nikisema upweke, upweke, ni ufuko uliopwewa. Na ile mistari miwili mitatu ya kujipinda chini si mawimbi, ni vijito vya maji yanayobaki yakitafuta njia ya kurudi. Nimetembea juu ya mistari hiyo maisha yangu yote nikienda kutafuta chaza na pweza, na sikuitambua kwa sababu ilikuwa kwenye karatasi ya Kizungu.

Wino_na_Mkaa

Naomba kuingilia kwa heshima. Nasoma sanaa hapa Nairobi. Nimefurahia upelelezi wote huu lakini naogopa mnauzika mchoro. Dada alianza na kitu cha kweli: kilimshika kifuani. Sasa mmempa mwelekeo wa jua, mwaka wa karatasi na matope. Hivi vimeeleza kwa nini kilimshika? Mchoraji angeweza kujaza ule uwanda. Angechora makome, ndege, watu. Akaacha. Kuacha ni uamuzi.

Mfikirieni Friedrich, Mjerumani, na picha yake ya mtawa ufukweni, aliyoichora kati ya 1808 na 1810, ipo Berlin. Ni mtu mmoja mdogo, bahari nyeusi na anga tupu. Walipoichunguza kwa miale walikuta kwamba mwanzoni kulikuwa na merikebu. Akaziondoa. Utupu ule aliutengeneza kwa mkono wake. Kwa nini tumnyime mchoraji wa dada haki hiyo hiyo?

FundiRamani

Kijana wangu, hoja yako ni nzito na mfano umeuchagua vizuri. Lakini uutazame tena. Friedrich aliondoa merikebu kwenye turubai, chumbani mwake, katika picha aliyoikusudia watu waione. Huyo huyo Friedrich akiwa nje na kalamu ya risasi alikuwa mtu wa vipimo kabisa: anaandika tarehe ya siku hiyo, anaweka alama ya upeo wa macho ili baadaye ajue jicho lake lilikuwa kimo gani. Jiwe alilolichora tarehe 3 Juni 1813 huko milimani karibu na Dresden lilikuja kuwa jiwe analosimama msafiri wa picha yake mashuhuri ya ukungu, miaka kadhaa baadaye. Nje anakusanya, ndani anaamua. Mchoro wa BintiShela ni wa nje.

Na vyombo vyake hakuviondoa. Viko ukurasa wa jirani. Tumeurithi ukurasa mmoja tukadhani ni dunia nzima.

Hata hivyo sikupingi yote. Kuna kitu kimoja katika mistari hiyo ambacho hakiwezi kuwa cha kumbukumbu tu, na nimekigundua kwa kukuza picha uliyonitumia: ule mlima wa nyuma kabisa, mstari hafifu. Hakuupiga mara moja. Ameugusa, akainua, akagusa tena, risasi imepungua nguvu kadiri mlima unavyokwenda mbali. Kwa kumbukumbu tu, mstari wowote ungetosha. Huyu alitaka umbali uonekane, na ameupata kwa kulegeza vidole. Hapo nakuvulia kofia.

Sasa BintiShela, nimefungua ramani ya huko uliko. Unaishi kando ya Morecambe Bay, ghuba yenye uwanda mkubwa kuliko wote Uingereza wa mchanga na matope ya kupwa na kujaa, kilomita za mraba 310 hivi. Zamani hizo watu hawakuizunguka, waliivuka. Magari ya farasi yalikata mchanga maji yakipwa, pamoja na waongozaji waliojua vivuko, mpaka reli ilipofunguliwa upande wa pili 1857 na safari ile ikafa. Turner mwenyewe amewachora wasafiri hao kwa rangi ya maji, ipo British Museum, ya 1826 hivi, na mchoraji mwingine, David Cox, aliwachora tena na tena. Mahali pa kushukia mchangani, upande wako, paliitwa Hest Bank.

H. B.

Siapi. Herufi mbili ni herufi mbili. Lakini simama hapo utazame kaskazini-magharibi: kushoto utapata rasi iitwayo Humphrey Head, nyuma yake milima ya Lake District, na kuliani Arnside Knott, kilima cha mita 159 kilichojitenga. Niliposoma majina hayo kwenye ramani nikatazama mchoro wako, nikainuka nikaenda kunywa maji.

Jambo la pembeni ambalo siwezi kulimeza: risasi bora ya penseli duniani, kwa muda mrefu, ilichimbwa Borrowdale, ndani ya milima hiyo hiyo ya nyuma. Sina njia ya kujua penseli yake ilitoka wapi. Lakini nafurahi kuwaza.

KaratasiKuukuu

Mzee, Mfaransa Conté alikuwa ameshavumbua risasi ya kuchanganya na udongo tangu 1795, kwa hiyo inaweza kuwa ya popote. Ila nami nimefurahi kuwaza.

Dada, uende. Karatasi yenyewe iache nyumbani.

BintiShela

Nimekwenda. Nilikuwa na mapumziko Jumatano, nikatazama jedwali la maji, likaonesha kupwa alasiri. Kutoka hapa Lancaster ni basi tu. Karatasi niliiacha nyumbani kama nilivyoagizwa, nikabeba picha kwenye simu.

Unavuka reli, kisha ni majani mafupi ya chumvi, kisha mchanga mpaka macho yanakoma. Ilikuwa saa kumi kasoro. Nikasimama nikainua simu mbele ya uso. Rasi ipo kushoto, ile pua ya mtu aliyelala. Arnside Knott ipo kulia, na upande wake wa kulia ulikuwa umeingia giza kama alivyoutia kivuli. Milima ya nyuma ilikuwa mistari miwili, si mitatu. Nikangoja. Wingu likasogea, na wa tatu ukatokea, hafifu kama alivyouchora, ukakaa kama dakika tano ukapotea tena. Mzee, sikujua nimshike nani mkono. Palikuwa na mama mmoja na mbwa wake, nikamwonesha simu, akasema ndiyo, ni hapa, bila hata kufikiri.

Kuhusu mstari uliokatika. Unakatika kati ya rasi na Knott, na pale ndipo mto Kent unapoingilia ghuba. Upande wa ng'ambo hauna ukingo hapo, ardhi inarudi nyuma ndani, na kinachobaki ni weupe mtupu, mwanga juu ya matope, huwezi kuona mchanga unakwisha wapi na mbingu inaanza wapi. Hakuchora mstari kwa kuwa mstari haupo. Akaandika "light" akasonga mbele. Alikuwa mkweli kiasi hicho.

Kijana wa Nairobi, nimelifikiria neno lako pale pale, na nataka nikujibu mimi mwenyewe. Bado inanishika kifuani, na sasa inanishika zaidi. Kwetu tukingoja maji, tunakaa kimya namna fulani. Mizigo imefungwa, watu wamesalimiana, hakuna la kufanya mpaka bahari ikubali. Baba alikuwa akichora mchangani kwa kidole akingoja, milango ya bahari, mafungu, bila kumwonesha mtu. Kama huyu alikuwa abiria wa gari la kuvuka, alikuwa kwenye kungoja huko huko: vyombo vimelala upande, mchanga bado umelowa, saa kumi. Ule uwanda mweupe ndio njia atakayopita. Hakuujaza kwa kuwa alikuwa anakwenda kuukanyaga. Sina ushahidi wa hilo, nalisema kama mtoto wa nahodha.

Mimi sikuukanyaga zaidi ya hatua chache. Februari 2004 wachuma kombe wa Kichina walizingirwa na maji kwenye ghuba hii usiku, wakafa si chini ya 21, na wazee wangu kazini hawajaacha kulisimulia. Maji ya hapa hayaji kwa mbele tu, yanazunguka nyuma yako kupitia vile vijito vya kujipinda. Nilikaa kwenye majani. Yalipoanza kurudi niliyasikia kabla ya kuyaona.

Nilikuwa na kalamu ya risasi ya kazini na karatasi ya ratiba ya zamu. Nikachora nyuma yake rasi, milima, Knott, vijito, na pale kwenye mto nikaacha wazi. Nimehesabu nikiwa kwenye basi: mistari 34, na wa mlima wa mwisho umetoka mzito mno. Jumatano ijayo maji yatakuwa yamejaa saa hizo, kwa hiyo nitarudi ile ya baadaye.

FundiRamani

Ipandishe hapa tuione. Na usishike kalamu karibu na ncha, ishike nyuma.